Sheria ni Msumeno: Sifa za Fundi wa Kanzidata

Fundi wa kanzidata akifanya kazi yake vizuri, hakuna anayemwona. Ripoti hutoka kwa wakati, jumla zikalingana, na msomaji asijue ni taarifa ngapi mbovu zilizorudishwa zilikotoka. Nataka kumsifu fundi huyu kwa jambo moja analolishikilia hata akiitwa msumbufu: kanuni ya kukagua taarifa iandikwe mara moja, mahali pamoja, na imbane karani anayechapa kwa vidole vyake kama inavyoibana skripti inayoingiza data usiku watu wamelala. Wahenga walikwisha sema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Tuchukue rejista ya chanjo za watoto. Chanjo ya Penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Katika ratiba hiyo tu mna kanuni kadhaa: tarehe ya chanjo haiwezi kutangulia tarehe ya kuzaliwa, dozi ya tatu haiji kabla ya ya pili, na kati ya dozi na dozi zipite walau wiki 4. Mtengenezaji wa fomu huzijua, akazipachika kwenye fomu yake. Karani akikosea, kisanduku hugeuka chekundu. Anarekebisha, anaendelea na mtoto anayefuata.

Kisha linaletwa faili la Excel lenye maelfu ya mistari. Nani aketi kuichapa yote? Inaandikwa skripti fupi ya kuimimina ndani. Lakini skripti haipitii kwenye fomu, na kisanduku chekundu hakiihusu. Huandika moja kwa moja kwenye jedwali, na ghafla rejista ina watoto waliochanjwa kabla ya kuzaliwa. Karani ana shaka: akiona tarehe ya ajabu huinua kichwa akamuuliza mwenzake. Skripti haimuulizi mtu. Ikisoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili, itaendelea hivyo hivyo hadi mwisho wa faili, na kazi itakuwa imekwisha kabla chai haijapoa.

Wengi hulitibu tatizo hili kwa kunakili kanuni za fomu ndani ya skripti. Nafuu hupatikana, ila ni ya muda. Ratiba ya chanjo ikibadilika, fomu itarekebishwa kwa kuwa watu huiona kila siku. Skripti itabaki na kanuni ya zamani, na hapo ofisi moja itakuwa na sheria mbili zinazopingana.

Fundi hodari haendi njia hiyo. Yale ya lazima kabisa huikabidhi kanzidata yenyewe iyalinde: tarehe ya chanjo isikosekane, namba ya mtoto isijirudie, kituo kinachotajwa kiwemo kwenye jedwali la vituo. Makala ya Edgar Codd wa IBM ya mwaka 1970, iliyoweka msingi wa kanzidata za mahusiano, ilihusu hazina kubwa za data zinazotumiwa na wengi kwa pamoja. Kwenye kitu cha wengi, ulinzi hauwezi kuachiwa mtumiaji mmoja mmoja. Kanuni zinazohitaji hesabu ndefu, fundi huziweka kwenye moduli moja inayoitwa na fomu na skripti vilevile. Kinachotofautiana ni namna ya kujibu tu: karani aonyeshwe kosa papo hapo kwa maneno anayoyaelewa, skripti ikabidhi orodha ya mistari iliyokataliwa, kila mmoja na sababu yake.

Fundi huyo pia haviamini vifaa vyake kwa macho. Kanzidata ya MySQL kwa miaka mingi ilipokea sharti la CHECK, la kukagua thamani, bila kulalamika na bila kulitekeleza, hadi toleo la 8.0.16 la mwaka 2019. Katika lugha ya SQL, sharti hilo huipitisha thamani iliyo tupu, kwa hiyo anayetaka tarehe iwepo lazima aseme hivyo waziwazi. Na akikuta jedwali limekwisha chafuka, kanzidata ya PostgreSQL humruhusu kuweka sharti linalobana rekodi mpya leo, kisha akasafisha za zamani na kuzithibitisha baadaye.

Ila sifa yake kubwa ni kiasi. Kanuni kali kupita hali halisi huzaa uongo. Mama asiyekumbuka siku aliyozaliwa mwanawe hana jibu, na fomu haikubali ukimya. Karani ataandika 1 Januari ili apite. Fundi mwenye busara huweka nafasi ya kusema kuwa siku haijulikani, hutenganisha la kukataliwa na la kuonywa, na mpaka huo nao huwa mmoja kwa karani na kwa skripti.

Basi wewe unayetaka kuongeza kanuni kwenye fomu leo, jiulize kwanza ni nani mwingine anayeandika kwenye jedwali hilo. Kama yupo hata mmoja, iondoe kanuni kwenye fomu, iweke mahali ambapo wote watakutana nayo. Rejista ya chanjo inapaswa kuaminika bila kuuliza nani aliijaza.