Ruyi ya Laka na Matunda Yake Matatu: Je, Neno "Fimbo" Latosha?

Miongoni mwa vyombo vya heshima vya Wachina kimo kiitwacho ruyi: kitu cha kushikwa mkononi, mpini wake umepindika, na kichwa chake mfano wa wingu au uyoga. Baadhi yake hutengenezwa kwa ubao uliopakwa laka, yaani utomvu wa mti, na kutiwa nakshi ya matunda matatu: fyulisi, komamanga, na tunda la jamii ya ndimu lililogawanyika kama vidole, liitwalo mkono wa Buddha.

Fasiri iliyo karibu ni "fimbo ya enzi", nayo haitoshi. Huko Nachingwea na Ruangwa, asikiaye neno fimbo hufikiri mkongojo wa kuegemea, bakora ya mzee, au fimbo ya mchungaji. Yote ni ya kazi. Ruyi haiegemewi wala haipigi, wala si alama ya mfalme peke yake. Jina lake maana yake ni "kama utakavyo": ni dua iliyotiwa umbo ikatolewa zawadi. Mwaka 1793 Mfalme Qianlong alimkabidhi Macartney, mjumbe wa Uingereza, ruyi ya jiwe ampelekee George III. Macartney akaandika kwamba haoni thamani kubwa ndani yake. Aliliona jiwe, dua hakuisikia.

Matunda nayo hayasemi kwa njia moja. Komamanga husema kwa mfanano: punje nyingi ni watoto wengi. Mkulima wa Ruangwa hulielewa hilo pasipo mwalimu, na mchongaji aweza kuweka boga lenye mbegu mahali pake, maana isipotee. Fyulisi husema kwa hadithi: ni tunda la maisha marefu katika visa vya Malkia Mama wa Magharibi, pasipo kisa, ni tunda tu. Tunda la vidole husema kwa sauti: jina lake, foshou, lakaribiana na fu, yaani baraka, na shou, yaani umri mrefu. Hapo badala haipatikani. Bibo la Nachingwea likiwekwa hapo litasifu mavuno, lakini sauti itakuwa imekufa.

Si kwamba Kiswahili hakina uwezo huo. Mchongaji wa mpingo angeweza kumchonga paa juu ya mkongojo, nia yake ikawa dua ya kupaa. Mswahili angeifahamu, Mchina asingeifahamu. Alama ya sauti, basi, ni mali ya lugha kabla ya kuwa mali ya fundi.

Kazi ya mikono nayo ni mbali. Mchongaji wa mpingo huondoa ubao mweupe wa nje afikie weusi wa kiini. Fundi wa laka ya kuchonga huongeza tabaka, pengine zaidi ya mia, ndipo achonge.

Kwa hiyo yafaa jina ruyi libaki lilivyo, lipewe upatanisho wa ruyi hii, ruyi hizi, kama lilivyopokewa neno chai lenye asili ya Uchina; na kila tunda lielezwe kwa njia yake: mfanano, hadithi, au sauti. Fasiri ya "fimbo yenye matunda" humpa mwanafunzi wa Nachingwea picha, ikamnyima dua.