Clairo na Suala la Ukweli wa Msanii

Wapo wenzetu hapa chuoni ambao ukiwatajia tu jina la Clairo wanakukatisha hapo hapo: "Yule? Si kabebwa na baba yake!" Ukiwauliza wamesikiliza wimbo gani, kimya. Makala haya ni jibu kwa wenzetu hao. Ni jibu kwangu mimi pia, maana mwaka jana nilisimama katika semina nikasema maneno yale yale, na nikapigiwa makofi.

Kwanza historia yake kwa ufupi. Clairo, yaani Claire Cottrill, alizaliwa Atlanta, Marekani, mwaka 1998, akakulia Carlisle, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts. Ni mtunzi na mwimbaji wa pop ya mkondo wa indie, ule unaojivunia kuwa nje ya himaya ya makampuni makubwa. Mwaka 2017, kabla hajatimiza miaka 19, alitoa wimbo "Pretty Girl", ambao ulirekodiwa kwa ajili ya kaseti ya kuchangisha fedha. Video yake alijipiga mwenyewe chumbani kwa kamera ya kompyuta. Watu kwa mamilioni wakaitazama. Mwaka 2018 akatoa mkusanyo mfupi wa nyimbo, Diary 001, na mwaka 2019 albamu yake ya kwanza, Immunity.

Katikati hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ilijulikana kwamba baba yake ni mkubwa katika shughuli za masoko, aliyepata kuwa na cheo katika kampuni ya viatu ya Converse, na kwamba urafiki wake na mmoja wa waanzilishi wa jarida la The Fader ulisaidia binti kupata mkataba na lebo ya jarida hilo. Basi! Waliomwita "mwenzetu" jana yake wakaanza kumwita msanii wa kupandikizwa.

Sisi tunaosoma fasihi tunaijua hoja hii vizuri. Tangu miaka ya 1970 uhakiki wa Kiswahili umetufundisha kwamba msanii ni zao la tabaka lake. Mimi siikatai kanuni hiyo. Ni vijana wangapi wenye chumba chao peke yao, kompyuta, na baba anayejua ampigie nani simu? Tabaka linaeleza vizuri kabisa wimbo ulivyofika sokoni. Lakini je, linatueleza wimbo wenyewe ni mzuri au mbaya? Hapo ndipo mimi na wenzangu tunapoachana.

Hebu tutazame "Pretty Girl". Nafsi neni ni msichana anayejibadilisha, mavazi na tabia, ili awe vile mpenzi wake anavyotaka. Kejeli ndiyo uti wa mgongo wa wimbo: anayeahidi kupendeza anatuimbia bila kujipamba, amevaa visikizio, akichezacheza kwa uso wa mtu anayejua anatazamwa na hajali. Muziki nao ni kinanda chepesi na mdundo mkavu wa kurekodia nyumbani. Fani imebeba maudhui. Kama video ile ingepigwa kwa taa na wapambaji, kejeli ingekufa. Kwa hiyo ule "umaskini" wa video una kazi yake ya kisanaa, awe baba yake bwanyenye au mchuuzi.

Kosa la mashabiki lilikuwa kuuchukua umaskini huo kama cheti cha ukweli. Waliona kamera duni wakasema: huyu ni mkweli. Walipojua habari za baba wakasema: kumbe mwongo. Nadhani wanaompenda na wanaomchukia walikosea kosa moja. Wote walikuwa wanapima chumba, hawapimi wimbo.

Ushahidi wangu ni Immunity. Humu hakuna tena kamera ya chumbani. Albamu imetayarishwa pamoja na Rostam Batmanglij, aliyekuwa mwanachama wa bendi ya Vampire Weekend, na ngoma za "Bags" zimepigwa na Danielle Haim. Kwa mantiki ya wapinzani, studio nzuri ingepaswa kuua ukweli uliosalia. Si kweli hata kidogo! Wimbo wa kwanza, "Alewife", una jina la kituo cha mwisho cha treni za Njia Nyekundu za Boston, na unarudi kwenye usiku mmoja wa darasa la nane, alipofikiria kujitoa uhai na rafiki akamwokoa. Sauti haipandi, kilio hakuna. Anaimba kama mtu anayemshukuru jirani, na utulivu huo ndio unaoumiza. "Bags" nayo inahusu hisia za msichana kwa msichana mwenzake, hisia zinazokaribia kutamkwa kisha zinamezwa. Wimbo wa mwisho, "I Wouldn't Ask You", unagusa baridi yabisi aliyougua tangu ujana na aibu ya kuhitaji kuuguzwa. Maumivu ya viungo hayaulizi cheo cha baba.

Sisemi albamu haina dosari. Katikati zipo nyimbo zinazofanana mno kwa mwendo, na unyenyekevu wa sauti wakati mwingine unageuka uvivu. Lakini hizo ni dosari za wimbo, na ndizo tunazopaswa kugombania.

Kwa nini nimebadili msimamo? Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbinga. Shairi langu la kwanza kulisoma darasani lilihusu mikono ya mama yangu, na lilisifiwa sana: "Huyu anaandika anachokijua." Nilifurahi. Miezi mingi baadaye nilipolirudia nikakuta beti mbili zimepungua mizani na ubeti wa mwisho hauna maana yoyote. Hakuna aliyeniambia. Walikuwa wamelihakiki shamba la baba, shairi wakaliacha. Waliomtupa Clairo kwa sababu ya baba yake na walionisifu mimi kwa sababu ya baba yangu wametumia mizani ile ile mbovu. Tofauti ni kwamba yeye alitukanwa, nami nikanyimwa nafasi ya kujifunza.

Mwenye hoja kinyume na hii aandike, uwanja u wazi. Ninachomwomba ni kimoja: asikilize nyimbo kwanza.