Kiini, Mfuko na Kifuko: Istilahi za Ovari ya Mdudu

Anayetaka kumweleza mkulima wa kahawa wa Mbinga jinsi kimatira anavyozaliana hukwama upesi katika neno moja: kiini. Jikoni, kiini ni sehemu ya manjano ya yai. Katika vitabu vya biolojia, ni sehemu inayotawala seli. Kwa kawaida maana hizi hazigombani. Lakini katika ovari ya mdudu, chini ya hadubini, zakutana ndani ya seli moja: yai changa lina kiini chake, na papo hapo lajazwa kiini. Sentensi kama hiyo haimfundishi mtu. Wako watakaosema "manjano ya yai", ila chakula hicho si lazima kiwe cha manjano. Sisi twapendekeza *akibayai*, na kiini kiachiwe seli.

Mbaya zaidi ni "seli uguzi", zao la kufasiri neno kwa neno, kana kwamba yai ni mgonjwa! Neno la kigeni lina maana ya kuuguza na ya kunyonyesha pia, na hapa ni hii ya pili. *Seli lishi* yatosha. Kwa kimatira, seli hizo hukaa kileleni mwa kila mrija wa ovari na kulilisha yai kwa nyuzi ndefu. Kwa mbu, seli lishi 7 hufungwa pamoja na yai changa katika kifuko kimoja.

Hapo pana hatari. Watu huita ovari nzima "mfuko wa mayai", na wafasiri huita chumba cha yai moja "kifuko". Silabi moja tu yavitenga. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Liuli hadi Mbamba Bay (eneo lililotengwa na Mbinga kuwa wilaya mwaka 2012), malaria si jambo la darasani. Mbu wa anofelesi akisha kutaga, kikonyo cha kifuko huacha kinundu. Kwa kuhesabu vinundu, mtaalamu hukadiria mbu ametaga mara ngapi, na kama ameishi muda wa kutosha kuambukiza. Gillies na Wilkes walitumia njia hiyo Muheza, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965. Mwanafunzi anayeambiwa atazame kikonyo cha "mfuko" atatazama mrija mkubwa wa ovari, wala hataona kinundu hata kimoja. Kwa hiyo kiungo kizima kiitwe *ovari*, na neno mfuko liondolewe katika maelekezo ya maabara.