Sifa za Mtega Maiki

Igizo la nyimbo likichezwa Kambarage, mjini Shinyanga, kila aliyefika huondoka na onyesho lake. Aliyekaa mbele amesikia hata pumzi ya mwimbaji. Aliyesimama nyuma kabisa amesikia ngoma na vicheko vya majirani. Anayerekodi hulazimika kuchagua mahali ambapo watasikilizia watu wasiokuwepo, wakiwemo ambao hawajazaliwa. Kwa sababu hiyo naiheshimu kazi ya mtega maiki na kuihesabu kuwa sanaa kamili, sawa na uimbaji wenyewe.

Kazi huanzia kwenye kuchagua. Maiki za dainamiki, zile za washereheshaji na kwaya, huvumilia vumbi na kishindo. Hizo zipewe ngoma. Maiki za kondensa huhitaji umeme, kwa kawaida volti 48 zinazopita kwenye waya uleule wa sauti, lakini hunasa hata mnong'ono. Jozi yake ikisimamishwa mbele ya jukwaa, juu kuliko vichwa vya watazamaji, hukusanya kundi zima la waimbaji. Upo mpangilio uliobuniwa na watu wa redio ya Ufaransa, ORTF: maiki mbili huachana sentimita 17 na kuelekea pande mbili kwa pembe ya digrii 110. Umbali huo unakaribia ule wa kati ya masikio ya mtu, hivyo anayesikiliza nyumbani hutambua nani kaingia kutoka kushoto na nani yuko kulia.

Mhusika mkuu huvalishwa maiki ndogo isiyo na waya. Kwa mchezaji wa Kisukuma, kifuani si mahali pake: shanga zikiigonga mara moja tu, ubeti mzima umeharibika. Mafundi wa maigizo ya muziki huificha kwenye ukingo wa nywele, juu ya paji la uso, na waya wake hupitishwa ndani ya nywele hadi kisogoni, ukabanwa kwa plasta. Hapo mwigizaji anaweza kugeuza shingo atakavyo, mdomo ukabaki umbali uleule.

Halafu kuna kanuni ya tatu kwa moja. Maiki ikiwa sentimita 30 kutoka mdomoni, maiki ya jirani ikae sentimita 90 au zaidi kutoka kwa maiki hiyo. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo maiki mbili zinazomsikia mtu mmoja humsikia kwa nyakati tofauti. Zikichanganywa, baadhi ya mawimbi hufutana, na mwimbaji husikika kama anayeimbia ndani ya pipa. Wengi hulaumu mitambo, kumbe dawa ni kusogeza stendi hatua moja.

Hayo ni ya ufundi. Ugumu wenyewe ni kuamua nani asikike. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, wa Wasukuma ukiwemo, na alisifika kwa kuishika maiki mkononi, akiisogeza palipokuwa na jambo. Mkono ule ulikuwa unafikiri, na kila ulipoelekea ulimtukuza mmoja na kumsahau mwingine.

Usukumani hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa hadhira ni sehemu ya mchezo. Makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ukiitega maiki kwa manju peke yake, umerekodi hoja ukaacha hukumu. Vivyo hivyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopeleka sanaa za maonyesho kijijini Malya, wilayani Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kazi inayokumbukwa kwa majina ya Penina Mlama na Amandina Lihamba, wanakijiji walijadili matatizo yao na kuyachezea ngoma zao. Mjadala ulikuwa na thamani sawa na igizo.

Shinyanga na Geita zimewahi kuumizwa na mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi na ya watu wenye ualbino. Kikundi kikiigiza habari hizo, neno zito zaidi huenda likasemwa na bibi aliyekaa kwenye benchi la tatu, ambaye hakuwamo kwenye mazoezi wala kwenye orodha ya wahusika. Mtega maiki mzuri humwandalia nafasi kabla hajafumbua kinywa. Hufika mapema, hutazama watu wanakaa wapi, hupiga makofi chini ya bati asikie mwangwi, huvalisha maiki sponji dhidi ya upepo wa kiangazi, kisha husimamisha maiki moja ikiwa imeugeuzia mgongo muziki na kuwaelekea watu.

Kikundi chenye maiki nne tu kiweke tatu jukwaani na ya nne kwa hadhira. Ngoma itapungua ukali kidogo, na nakubali hasara hiyo. Igizo la jamii lililorekodiwa bila jamii ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki haiwezi kurekodiwa siku nyingine.