Mamlaka na Chuo: Kulitafsiri Neno "Authority"

Kamusi hulipa neno la Kiingereza authority maana ya mamlaka, na mfasiri wa nyaraka za serikali hana sababu ya kuhangaika. Mfasiri wa fasihi anayo. Neno hilo lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini, auctoritas, lililotokana na auctor: mwasisi, mdhamini, mtunzi. Nalo auctor asili yake ni kitenzi augere, yaani kukuza au kuongeza. Ndiyo maana author, mtunzi wa kitabu, ni ndugu yake wa tumbo moja. Mamlaka yana ukoo mwingine: mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa milki, kumiliki na malkia.

Tofauti hiyo ina uzito katika Hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Mke wa Bath anafungua utangulizi wake kwa kudai kwamba, hata bila authority yoyote, yaliyomfika yanatosha kumpa haki ya kusimulia madhila ya ndoa. Akisikika akiyaweka kando "mamlaka", msomaji wa Kiswahili atadhani anawaasi watawala. Kumbe ugomvi wake ni na vitabu, kwani katika Kiingereza cha zama hizo neno lilimaanisha pia kauli ya kitabu kinachoheshimiwa, yenye kukata ubishi. Mumewe wa tano, aliyewahi kusoma Oxford, humsomea kitabu cha visa vya wake waovu. Anamchania kurasa 3, naye anapigwa hadi sikio moja linaziba. Mwishowe kitabu kinachomwa, na mume anamkabidhi nyumba na ardhi. Hapo ndipo penye mamlaka, kwa maana kamili ya milki. Mfasiri aliyelitumia neno hilo mwanzoni amelichosha kabla ya wakati wake.

Kiswahili hakikosi neno la kufungulia. Chuo, katika lugha ya kale, ni kitabu: Utendi wa Tambuka huitwa pia Chuo cha Herkali, na mwanachuoni bado amebeba maana hiyo. "Kauli za wanavyuoni" zina harufu ya madrasa, ni kweli. Lakini kitabu cha mume yule nacho kilikusanya maandishi ya watu wa dini, Mtakatifu Jerome akiwa miongoni mwao. Kwa neno hilo msomaji angemtambua mke wa Bath tangu mwanzo: mwanamke anayebishana na vitabu ambavyo, kwa hoja yake mwenyewe, vingesema mengine lau wanawake ndio wangeviandika.