Kulia kwa Nani?

Inakaribia saa nne, muda mfupi kabla ya mapumziko, na mwalimu wa Gredi ya 2 anawatoa watoto wake uwanjani akiwa na kijiti mkononi. Shule iko upande wa Bahati, na vumbi la hapa ni jepesi, la rangi ya majivu. Wengi husema hata jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mwalimu analitumia vumbi hilo kama wenzake watumiavyo ubao. Anachora miraba 25, mitano kwa mitano. Kwenye mraba mmoja anaweka jiwe: hapo ni nyumbani. Upande wa pili anaweka kifuniko cha ndoo: hapo ni shuleni. Katikati anatupa matawi mawili ya mti: huo ni mto uliofurika, haupitiki.

"Nani kobe leo?"

Mikono yote juu.

Kobe ni mtoto anayetembea, na sheria yake ni moja: asijiamulie lolote. Afanye aliloambiwa jinsi lilivyosemwa, asiongeze wala asipunguze. Wenzake wamekaa makundi ya wannewanne, kila kundi na kadi zake za mishale zilizokatwa kutoka kwenye maboksi. Wanazipanga chini kwa mstari, kisha mmoja anamsomea kobe. Mbele. Mbele. Kulia. Mbele.

Kobe anapiga hatua mbili. Anaposikia "kulia" anaruka hadi mraba ulio kando yake bila kugeuza uso. "Mbele" inayofuata inamtumbukiza mtoni. Kelele zinapanda. Waliopanga kadi walidhani kulia ni kugeuka; yeye alisikia kusogea. Na kundi lililokaa ng'ambo ya miraba linashikilia kwamba huko alikoenda si kulia hata kidogo, maana kwao ni kushoto.

Hapo ndipo nilipoacha kuwatazama watoto nikaanza kumtazama mwalimu. Alikuwa anajua kosa liko wapi. Alilijua hata kabla ya kadi kusomwa, kwa maana nilimwona macho yake yakitulia kwenye kadi ya tatu. Lakini hakusema neno. Alichuchumaa, akakiweka kijiti chini, akasubiri. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30, na ukimya wake ulikaribia dakika nzima. Mwishowe msichana mmoja akainuka, akaenda akasimama nyuma ya kobe, akaelekea alikoelekea kobe, akanyoosha mkono.

"Kulia ni kwake yeye," akasema. "Si kwangu."

Mwalimu akauliza swali moja tu: "Basi tumwambieje?"

Wakarudi kwenye kadi zao. Mshale wa kulia wakauchora upya, sasa umepinda kama mkono wa kikombe, wakaupa jina: geuka kulia. Kobe akarudi kwenye jiwe. Safari hii alifika shuleni bila kulowa.

Kila mtu anaweza kumwonyesha mtoto kosa. Kinachohitaji ufundi ni kuliacha kosa likae peupe hadi mtoto alione mwenyewe, bila kumwacha kwa muda mrefu kiasi cha kukata tamaa. Kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na mwalimu huyu anaijua kama mpishi anavyojua ugali umeiva kwa kuusikia mwiko tu. Hakuna kitabu kinachomwambia ni sekunde ngapi. Anasoma mabega ya watoto. Yakiwa yameinama kuelekea kwenye kadi, anasubiri. Yakianza kulegea, anauliza swali dogo.

Kobe wake ana ukoo mrefu. Mwaka 1967 Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, waliunda nchini Marekani lugha ya tarakilishi iliyokusudiwa watoto, wakaiita Logo. Baadaye ikapata kobe: kwanza roboti iliyotambaa sakafuni, kisha umbo dogo kwenye skrini lililotii mbele, nyuma, kulia na kushoto huku likiacha mstari nyuma yake. Papert alikuwa amefanya kazi Geneva na Jean Piaget, bingwa wa kuchunguza fikra za watoto, na alishikilia jambo moja: mtoto akikwama, aingie ndani ya kobe, atembee yeye mwenyewe njia ile, na mwili utamfundisha. Yule msichana aliyesimama nyuma ya mwenzake alifanya hivyo bila kuambiwa. Mwalimu wa Bahati hana roboti, lakini mtoto anaishinda roboti kwa jambo moja: baada ya kuangukia mtoni anaweza kueleza alisikia nini.

Serikali imeutengenezea nafasi usimbaji, yaani ufundi huu wa kupanga maagizo ya tarakilishi. Tangu 2016 vishikwambi zaidi ya milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma, vikianzia madarasa ya chini. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa aina saba za umilisi wa msingi. Aprili 2022 mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za upili uliidhinishwa, na Kenya ikatajwa kuwa ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Hata hivyo, ratiba ya Gredi ya 2 haina kipindi kiitwacho usimbaji. Mwalimu hana budi kuufuma ndani ya masomo yaliyopo, kama mfumaji wa kiondo anavyopitisha uzi wa rangi katikati ya nyuzi za kawaida.

Uzi wake wa kwanza anaupitisha kwenye Kiswahili, na kila nikiukumbuka nafurahi. Lugha yetu imebeba usimbaji tumboni mwake. Mtoto anasimama kusimulia asubuhi yake: niliamka, nikanawa uso, nikavaa, nikanywa chai. Mwalimu anaandika kila tendo kwenye karatasi yake, anazichanganya, anamwita mwingine asome: nilivaa, nikanywa chai, nikanawa uso, nikaamka. Darasa linavunjika mbavu. Hapo ndipo anapokionyesha kwa kidole kile kipande kidogo, ka. Ka ni kamba, anawaambia, inafunga tendo kwenye mgongo wa tendo lililotangulia. Ukihamisha moja umevunja msafara. Juma lingine anawaletea ki. Mvua ikinyesha, tunaingia darasani. Kisha ananyamaza tena, kwa ukimya ule ule wa uwanjani, mpaka mtoto mmoja aulize: je, isiponyesha? Anayesema upande mmoja tu, wakajifunza, amemwacha kobe amesimama njiani.

Kwenye Hisabati anamwaga vizibo vya soda juu ya meza. Ruwaza ni nyekundu, nyekundu, kijani. Hataki waorodheshe kizibo kimoja kimoja; anataka agizo fupi. Kundi moja linaandika: panga nyekundu, nyekundu, kijani, kisha rudia mara nne. Karatasi hiyo anaipeleka kwa makundi mawili mengine yaifuate. La kwanza linapata vizibo 12. La pili linapata 15. Maneno ni yale yale, na kila kundi limeyatii. La kwanza lilihesabu mara nne zote kwa pamoja. La pili lilipanga mara moja, kisha likarudia nne, jumla tano. Waandishi wa programu wenye uzoefu wa miaka mingi wanalijua kosa hili la kuzidi au kupungua kwa moja, na bado huwanasa. Watoto wa miaka saba walilifikia wakiwa na vizibo, na mwalimu hakutangaza mshindi. Aliiweka mipangilio miwili sambamba, akawarudishia walioandika karatasi yao. Waliitazama sana. Kisha wakafuta "rudia", wakaandika "fanya mara nne".

Kwenye somo la Mazingira anaupitisha uzi kwa upole zaidi. Ukutani kuna chati ya hali ya hewa: jua, wingu, tone la mvua. Kila asubuhi mtoto wa zamu anachora alama moja. Mwezi wa Aprili, wakati wazazi wengi wa upande huu wameshapanda mahindi na wanaitazama mbingu, watoto wanahesabu matone kwenye chati na kutunga kanuni zao: mvua ikikosa siku tatu, mwagilia sukuma wiki ya shule, ikinyesha, acha. Wanaifuata kanuni yao kwa uaminifu kuliko agizo lolote la mtu mzima, kwa kuwa wameitunga wenyewe.

Nilipotoka shuleni siku ile ya kobe nilipitia Hyrax Hill, kilima kilicho nje kidogo ya mji, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Kwenye mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa. Nilisimama juu yake nikiwaza yale niliyoyaona asubuhi. Kwenye bao unatia kete moja kila shimo. Ya mwisho ikiangukia penye kete, unazoa na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, unalala, zamu inakwenda kwa mwenzako. Hapo kuna kufuatana, kuna kurudia, kuna sharti. Waliochonga mwamba ule walikuwa wakipanga hatua mbele kwa fikra, wakiona kosa, wakijirekebisha katika mchezo uliofuata. Mwalimu wa Bahati hajaleta kitu kigeni hapa Nakuru.

Vishikwambi anavitoa mwisho, na shule ina vinne tu vinavyowaka. Ndani yake kuna ScratchJr, programu iliyotolewa mwaka 2014 kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, ambayo amri zake ni vipande vya picha vinavyounganishwa kimoja kando ya kingine, hivyo hata asiyejua kusoma vizuri anaweza kuitumia. Paka anasubiri kwenye skrini. Bendera ya kijani ikiguswa, anaondoka. Nilidhani hapo ndipo msisimko ungekuwa mkubwa. Ulikuwepo, lakini nilichokiona zaidi ni utulivu. Paka alipokwenda kombo hakuna aliyekigonga kishikwambi wala kusema kimeharibika. Walirudi kwenye mstari wa vipande, wakaufuata kwa kidole, kipande kimoja baada ya kingine, wakitafuta penye "kulia" yao. Utulivu ule ulikuwa umefundishwa vumbini, wiki nyingi kabla.

Mwalimu ana daftari dogo asiloliacha. Nilidhani ni la alama. Alinionyesha: ni la makosa. Kila ukurasa una somo, tarehe na kosa lililotokea, jinsi mtoto alivyolieleza kwa maneno yake. Kulia kwa nani. Rudia maana yake nini. Anayasoma Jumapili jioni anapoandaa masomo ya juma, na kutoka humo anachagua mahali pa kuweka mto wa matawi.

Kengele ya mwisho ilipolia aliwaambia watoto waliokwisha kubeba mikoba: "Kesho leteni vizibo vinne."

Yule aliyekuwa kobe aligeuka mlangoni.

"Mwalimu, vinne kila mtu, au vinne kila kundi?"

Mwalimu akasimama. Akalifikiria agizo lake mwenyewe, akalisema upya. Kisha akafungua lile daftari, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika kosa lake.