Sifa za Kugusa Kidogo

Honda CG125 ilipoingia sokoni mwaka 1976, walioibuni walijua itakwenda kuishi mbali na gereji zenye vifaa. Ndiyo maana hata leo mtu mwenye bisibisi, spana ya namba 10 na jioni isiyo na haraka anaweza kuitengeneza uani kwake. Ninachokisifu ni kazi ya kabureta, na hasa ile sehemu yake isiyofanana na kazi: muda ambao fundi amekaa kwenye kigoda, hajafungua kitu, anauliza tu.

Kabureta hujibu. Haina kompyuta ndani. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba huongeza kasi, mgandamizo hushuka, petroli ikanyonywa kutoka kwenye kibakuli kilicho chini. Kinachotafutwa ni karibu gramu 15 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Lakini petroli haipiti njia moja tu: injini ikiunguruma bila kushikwa akseleta hulishwa na jeti ndogo, katikati ni kazi ya sindano, na ukivuta mpaka mwisho jeti kubwa ndiyo inayoamua. Kwa hiyo pikipiki inayozima kila ikifika kwenye taa za barabarani, ila ikishika barabara kuu inakimbia vizuri, imekwisha kusema tatizo liko wapi. Anayeanza kwa kubadilisha jeti kubwa hakuisikia.

Swali la pili ni choki. Ivute injini ikiwa ya moto: ikipata nguvu, ilikuwa na njaa, huenda jeti imeziba, au mpira unaoiunganisha kabureta na injini umepasuka, unaingiza hewa ya wizi. Ikizidi kukohoa, imeshiba kupita kiasi. Plagi nayo ina ushahidi wake: masizi meusi ni mafuta mengi, weupe ni mafuta machache, na ukiona kahawia irudishe ilipokuwa. Hata mahali pana neno. Pikipiki iliyosetiwa Mombasa ikipandishwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hukuta hewa nyepesi kwa takriban asilimia 15. Huanza kuwa nzito na plagi hushika masizi, na hakuna kilichoharibika.

Kufungua kuna utamu wake. Koki ya tangi inafungwa, sigara ya jirani inazimwa (huyu jirani hakosekani), kibakuli kinashushwa, na chini yake unaona mchanga, kutu ya tangi, maji, na ule utando wa gundi unaoachwa na petroli iliyolala miezi. Tundu la jeti ndogo halifiki hata nusu milimita. Liinue juani: likiwa safi, nukta ya mwanga ni duara kamili. Hapa ndipo waya unapofanya uharibifu, kwa sababu shaba ya jeti ni laini, na tundu lililopanuliwa na waya halirudi kuwa dogo. Upepo wa pampu unatosha. Upepo ukishindwa, tumia uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia samaki.

Sikubaliani na mtindo wa kununua kabureta nzima kila injini inapokohoa. Mara nyingi ile mpya ya bei rahisi ina jeti zisizolingana na injini hiyo, na ya zamani iliyotupwa ilihitaji kusafishwa tu.

Tena si kila kosa la mafuta ni la kabureta. Ipo pikipiki inayokwenda vizuri kilomita kadhaa kisha inakufa, ikipumzishwa inawaka, mbele inakufa tena. Kabla hujashika spana, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la kupumulia limejaa vumbi, na petroli ilishindwa kushuka. Pini ya nguo inamaliza kazi hiyo, na kabureta inabaki haijaguswa.